Mawe Yaliyotangulia Safari

Sogeeni hapa kwenye mkeka, wajukuu, mukae goti kwa goti. Bijou, zima iyo simu. Na wewe Dédé, acha kutafuna karanga, nataka nisikie pumzi zenu tu. Haya. Hii si habari ya mbali. Evodie ni mutoto wa mdogo wangu, amezaliwa hapa hapa Kalemie, na nyumba yake munaipita mukienda stesheni.

Siku ile Evodie alikuwa barazani, anachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Jua la asubuhi limetulia juu ya ziwa, majirani wanaanika nguo, hakuna kibaya. Ndani, mume wake Emile, fundi wa njia ya reli, alikuwa ametandaza vitu vya safari sakafuni pamoja na binti yao Kabange. Nyundo, patasi, ndoo, unga wa muhogo, na hema waliloazimwa na Joël, mdogo wake Emile. Walikuwa wanapanga kwenda mlimani, njia ya Pepa, kuokota mawe. Si mawe ya kuuza, hapana. Emile alipenda mawe kama wanaume wengine wanavyopenda bia, na Kabange alikuwa na ugonjwa uleule: chini ya kitanda chake mlikuwa na mawe mengi kuliko viatu. Baba alimwahidi yale meupe yanayopitisha mwanga, ambayo mvua huyafukua kwenye udongo mwekundu kule juu. Wangelala kando ya mto, wote pamoja, kwa mara ya kwanza.

"Papa, na simba?"

"Simba wa kule anakula ng'ombe. Wewe uko mifupa tu, atakurudisha kwa mama yako."

Evodie alicheka, ndagala mkononi.

Sasa mujue jambo moja. Kabange alizaliwa pasa, yaani pacha. Mwenzake Kyungu, mvulana, surua ilimchukua kabla hajatambaa. Kwetu pasa akienda hatusemi amekufa. Tunasema ametangulia, na fungu lake linabaki. Ukimnunulia Kabange sahani, unanunua mbili. Ukimkatia nguo, unakata mbili. Na mukitoka safari, vitu vya aliyetangulia vinatoka pia, na baba anamwambia kwa sauti: tunakwenda, twende. Ndiyo maana hakuna aliyemwita Evodie Mama Kabange. Aliitwa Mama Mapasa, na mume wake Papa Mapasa.

Emile aliinua mzigo, akaupima mkononi. Akatoa sahani moja ya bati. Akatoa blanketi moja dogo. Akaviweka pembeni.

Evodie akaacha kucheka. "Papa Mapasa, ivyo ni vya Kyungu."

"Najua."

"Sasa?"

"Toka barabarani tunapanda kwa miguu. Mugongo wangu unaujua." Kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu: "Mama, miaka yote hii nabeba sahani ya muntu asiyekula. Nimechoka kumulilia kila nikifunga muzigo. Mara hii tu, abaki. Kyungu, unasikia? Wewe huendi."

Alisema kwa sauti. Ndani ya nyumba. Kabange akageuka na kutazama mlango wa nyuma, kama anayemwona mwenzake akitoka amenuna.

Kesho yake Evodie alitaka kuongeza chumvi kwenye mfuko wa safari. Akauvuta. Ukamshinda. Akaufungua. Juu ya nguo za Kabange lilikaa jiwe jeupe, mwanga unapita ndani yake kama kwenye maji, na udongo mwekundu umeligandia chini. Udongo ulikuwa mbichi.

Emile aliligeuza mkononi. Furaha ikampanda usoni, halafu ikashuka.

"Hili ni la kule juu," alisema. "Hapa mujini halipatikani."

"Ni Joël amekuchezea."

Joël aliitwa. Akaapa. "Yaya, kaka yangu, miye Pepa sijafika hata kwa ndoto! Mutafute mulozi mwingine." Alicheka peke yake.

Wakalitoa jiwe, wakaliweka uani. Asubuhi iliyofuata mfukoni mlikuwa na mengine, yamefungwa vizuri ndani ya gauni la mtoto, kama mtu anavyofunga mayai. Na lile la uani halikuwapo tena.

Evodie alimkuta Kabange nyuma ya nyumba, anaongea na ukuta.

"Unaongea na nani, mama?"

"Ananiuliza mule hemani tutalala upande gani."

"Nani?"

Mtoto akamshangaa. "Mama, si unajua."

Mchana ule, Kabange akiwa kanisani na nyanya yake, Evodie aliosha ile sahani ya pembeni, akatia bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala, akaiweka mezani mahali pake. Akapiga magoti. Akanong'ona: "Kyungu baba, kula. Papa yako alichoka tu." Akatoka kuchota maji. Aliporudi, sahani ilikuwa imegeuzwa kifudifudi. Chakula chote chini yake. Hakuna hata tonge lililoguswa. Na mlango alikuwa ameufunga mwenyewe.

Nyanya, Mama Émérence, mama yake Emile, aliposikia habari hizo alikaa chini kwenye vumbi. Hakupiga kelele.

"Pasa ukimunyima fungu, hapokei tena la kupewa," alisema. "Anajichagulia."

Evodie akaelewa, au alidhani ameelewa. Anamtaka dada yake. Amtake nani mwingine? Akamfunga Kabange mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, watu wanacheka njiani. Hakumtua.

"Hakuna safari," alimwambia Emile. "Nikikosa huyu, na miye unizike."

Emile alimtazama mtoto wake muda mrefu.

"Miye ndiye nilimukataza," alisema. "Si nyinyi. Narudisha mawe yake kule yalikotoka, namuomba musamaha palepale. Nalala, nashuka."

Evodie hakumshika mkono. Mpaka leo ananiambia: Mama mukubwa, roho yangu ilitulia. Ilitulia kwamba anakwenda yeye, si mutoto.

Emile akapanda kamyo, lile lori linalopeleka chumvi Pepa na kurudi na ng'ombe. Akakaa mbele, mfuko magotini, hema miguuni. Dereva anasema alimsikia akiongea njia nzima, tena kwa upole, mara anacheka, mara anajibu. Nyuma walikuwa watu wengine na magunia. Karibu yake hakukaa mtu. Alishuka penye mto, akanyoosha mkono chini kidogo, kama unavyomshika mtoto wakati wa kuvuka barabara.

Kamyo ilirudi. Emile hakuwapo barabarani. Dereva akapiga honi. Kimya.

Joël akapanda kule na wanaume. Walilikuta hema mchana kweupe, limesimama vizuri kando ya maji. Wakaita. Kimya. Wakashika zipu. Ilikuwa imefungwa kutoka ndani.

Wakapasua kitambaa kwa kisu.

Viatu vya Emile vilikuwamo, vimepangwa. Shati limekunjwa. Yeye hayumo. Damu hakuna. Nyayo za kutoka hakuna. Walitafuta mpaka mvua ikawashusha.

Ila ukutani. Ukuta wa hema, upande wa ndani. Viganja vya udongo mwekundu. Chini kabisa kidogo sana, cha mtoto asiyetambaa. Juu yake kikubwa kidogo. Juu yake tena. Vinapanda. Vinakua.

Joël alileta kile kitambaa nyumbani, ukoo uone. Kabla mtu hajamzuia, Kabange aliweka mkono wake kwenye kiganja cha juu. Kikamtosha, kidole kwa kidole.

"Kina moto, mama," alisema.

Matanga yalikaliwa bila maiti. Siku ya kugawa, tulikusanyika wote. Nyundo na patasi zilikwenda kwa Joël, na hajazigusa. Mama Émérence alichukua shati la mtoto wake, akalilalia. Nyumba ilibaki kwa Evodie. Kisha mzee wa ukoo akauliza, kama inavyoulizwa, kama kuna aliyesahauliwa.

Kabange alisimama katikati yetu, mzima, hana hata mafua.

"Hapana," alisema. "Miye nimepata mama. Kyungu amepata papa."