Pikapu ya Mteremkoni

Kila asubuhi, majirani wa Isongole walisikia mambo yaleyale. Kwanza jiwe likivutwa chini ya gurudumu. Kisha pikapu ya Kasim ikiteremka kimyakimya kando ya shamba la viazi. Halafu kishindo, moshi, na injini ikanguruma.

"Umeona?" Kasim humwambia mkewe, Asia. "Gari zima hili."

"Gari zima lingewaka kwa ufunguo," Asia humjibu.

Ufunguo ulikuwa umegoma kwa miezi miwili. Mwanzoni injini ilijivuta tu, hasa asubuhi za baridi. Kisha taa zikafifia. Honi nayo ikawa inalia kama mbuzi mgonjwa. Kasim hakujali. Isongole haina shida ya miteremko, na mteremko ni bure.

Lakini asubuhi moja hakukuwa na utani. Binti yao, Tausi, alishikwa na uchungu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na nesi alisisitiza huyu wa pili azaliwe hospitali. Mwezi mzima Kasim alikuwa akiahidi: "Msihangaike na teksi. Gari lipo."

Jiwe likatolewa. Pikapu ikawaka. Wote watatu walibanana mbele, na safari ya kwenda hospitali ya Igogwe ikaanza. Hapo ndipo Kasim alipoona mshale wa mafuta umelala chini kabisa.

Walipofika Kiwira wakaingia kituo cha mafuta.

"Zima gari, mzee," mhudumu alisema.

"Binti yangu ana uchungu. Weka hivyohivyo."

"Siweki. Utatuchoma wote."

Kasim akatazama huku na huku. Kituo kizima kilikuwa tambarare. Akazima. Mafuta yalipoingia, akazungusha ufunguo. Tak. Akazungusha tena. Tak, tak, tak. Watu watatu wakasukuma. Gari likakohoa, likanyamaza.

"Baba, twende!" Tausi alilia, ameng'ang'ania mlango.

Jirani na kituo palikuwa na karakana ya Tulia, fundi wa umeme wa magari. Tulia alikuja mbio, lakini hakutazama gari. Alisimamisha teksi kwanza.

"Mama, nenda na mgonjwa. Baba abaki na gari lake."

Asia akapanda na binti yake bila kuaga. Kasim alibaki amesimama. Aliona aibu, na aliogopa sana.

Tulia akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe na wa kijani. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba.

"Usiguse, baba. Tindikali inaunguza." Akaweka mita, akamwambia ajaribu kuwasha. "Umeme unashuka mno. Hii imekufa."

"Mbona asubuhi imewasha?"

"Asubuhi umewashiwa na mlima. Betri ina miaka mingapi?"

"Huu wa sita." Kasim aliangalia simu yake. Kimya.

"Nyingi hudumu miaka mitatu hadi mitano. Ikifika mitatu, ilete ipimwe mara kwa mara. Na injini ikijivuta, taa zikififia au honi ikilegea, usisubiri. Pengine ni uchafu tu kwenye vichwa, au waya umelegea, au oltaneta, ile ya kuchaji betri, haifanyi kazi. Tunapima kwanza, hatubahatishi."

Kasim alizikumbuka dalili zote. Alizisikia moja baada ya nyingine, na zote akazifunika kwa mteremko.

Tulia alifunga betri mpya, kisha akapima kama inachajiwa. Inachajiwa. Ile ya zamani akaiweka pembeni.

"Hii niachie, itakwenda kwa wanaozikusanya. Usije ukaitupa shambani. Sumu yake inaingia kwenye udongo."

Simu ikalia. Kasim nusura aiangushe.

"Baba Tausi," Asia alisema kwa sauti ya kuchoka. "Wamemwingiza upasuaji. Daktari anasema tungechelewa zaidi, tungempoteza mtoto."

"Ndaga fijo, mwanangu," Kasim alimshukuru Tulia. Akazungusha ufunguo mara moja, akaondoka.

Baada ya siku chache Tausi aliruhusiwa. Alitoka hospitali polepole, na Asia nyuma yake amembeba mjukuu wa kike.

"Umepaki mlima gani?" Asia aliuliza.

"Tambarare."

Wakapanda. Injini ikawaka papo hapo. Mtoto akashtuka, akalia kwa nguvu. Kasim hakuondoa gari. Alikaa ameshika usukani, anaisikiliza ile sauti, na machozi yakamtoka.

"Lia, mjukuu wangu," alisema. "Lia. Babu yako nusura akunyamazishe."