Mapipa ya Njia Panda ya Kwihara

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda, Nyamizi na mama yake, Marcelina, walitandika mkeka wao kando ya njia panda mjini Tabora, wakapanga vitumbua. Ilikuwa mwaka 1952. Barabara tatu zilikutana pale: ya Kwihara, ya stesheni na ya sokoni. Mikokoteni ya ng'ombe, baiskeli na malori viliingiliana, na kila mtu alitaka apite kwanza.

Siku moja alifika Bwana Lugembe, msimamizi wa kazi za barabara. Aliwaeleza kwamba hakuwa na fedha za kujenga njia mpya, ila alikuwa na mapipa matupu ya lami. Angeyajaza mchanga, ayapake chokaa na kuyapanga barabarani ili kila mpita njia ajue upande wake. Kwanza alitaka kujua mikokoteni mingi hutokea wapi. Kwa kuwa Nyamizi alisoma darasa la nne na alishinda pale, alimpa daftari, akamwomba apige mstari kwa kila mkokoteni, chini ya jina la njia ulikotokea, tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Nyamizi alihesabu vizuri mpaka saa tatu. Kisha ngoma ya beni, yenye tarumbeta na gwaride, ikapita kuelekea sokoni, naye akaifuata. Aliporudi, jua lilikuwa la utosi. Akachora mistari ya kubuni, mingi upande wa stesheni. Bwana Lugembe alimshukuru sana, na shukrani ile ilimchoma.

Mapipa yakapangwa kwa hesabu hiyo. Njia ya stesheni ikaachwa pana, ya Kwihara ikabanwa. Jumamosi iliyofuata mikokoteni ya Kwihara ilikwama, mmoja nyuma ya mwingine. Ndani ya mmojawapo alilala Ng'washi, bibi yake Nyamizi, akipelekwa hospitali na homa kali. Ng'ombe hawakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wachukuzi wanne wa sokoni wakatua mizigo yao, wakamlaza bibi juu ya kitanda cha kamba, wakambeba hadi hospitali bila kudai chochote.

Jioni, homa iliposhuka, Nyamizi alimwambia mama yake yote. Mama hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda kwa Bwana Lugembe.

"Shikamoo, baba," Nyamizi alisema. "Ile hesabu niliitunga. Nilikwenda kutazama ngoma."

"Marahaba," Bwana Lugembe alijibu. "Nilikwisha kuamua kwamba mapipa yaondolewe Jumatatu, nikidhani hayafai. Basi tutahesabu tena, mimi na wewe."

Jumamosi iliyofuata waliketi pamoja hadi adhuhuri. Mikokoteni ya Kwihara ilikuwa mara tatu ya ile ya stesheni. Mapipa yakasogezwa katikati yakawa duara, kila mtu akilizunguka kwa kushika kushoto, na njia ya Kwihara ikafunguliwa. Kazi ilichukua nusu siku.

Bibi alipopona, mkokoteni wake ulipita pale bila kusimama. Mama alikuwa amewapelekea wale wachukuzi sinia la vitumbua, na Nyamizi akawashukuru mmoja mmoja. Bwana Lugembe alikuja kuitazama njia, akamwita Nyamizi.

"Nakushukuru, mwanangu, kwa kuwa ulikiri mwenyewe," alisema. "Kazi ya watu wengi haitaki uongo hata wa mstari mmoja. Lakini ukikosea, sema mapema, maana wenzako hawawezi kutengeneza kosa wasilolijua."