Alama Tatu Kitakoni

Joto la Agosti lilikuwa limeukalia mji wa Kyoto kifuani. Katika gulio la vyungu la mtaa wa Gojo, Chizuru, kimono yake ya samawati imefifia kwa kufuliwa, alipenya umati, akaokota bakuli la chai na kulipindua.

"Taratibu, dada. Hiyo ni kazi ya bwana Rokuemon," alisema muuzaji, kijana mrefu aitwaye Teppei.

Karibu na kitako palikuwa na alama tatu kavu, pale vidole vilipolishika bakuli likichovywa katika rojo la majivu, lile linalogeuka kioo tanurini. Chizuru akaweka vyake. Vikaenea barabara.

Teppei akatazama. "Kumbe Rokuemon ni wewe. Nilidhani ana ndevu."

"Nanyoa asubuhi."

Jumapili zilizofuata, siku asizochovya katika karakana ya Rokuemon, Chizuru alimfundisha Teppei kutazama: vua saa, viwiko magotini, bakuli chini. Weupe kama maji ya mchele, kijani kilichotuama ndani, nyufa nyembamba ambazo chai ingezijaza kwa miaka. Wakapendana hivyo, vichwa vikigusana juu ya bakuli moja.

Vuli, duka lililomwajiri Teppei likatoa kijitabu cha kunadi vyungu vya Rokuemon. Mwandishi: Teppei. *Alama za vidole vya bwana mwenyewe*, kilisema.

Chizuru akampigia simu. "Umeandika wewe?"

"Ningeandika nini, mpenzi? Wangenifukuza."

"Mama yangu aliwachovyea miaka thelathini. Kazikwa, na jina chini ya bakuli ni la bwana. Kwamba wao watanila, nilijua. Sikujua chumvi utawapa wewe."

Akakata.

Desemba duka likaalika wateja wakubwa kunywa chai. Vibarua wa karakana waliletwa kuosha vyombo nyuma ya mlango wa karatasi, Chizuru miongoni mwao. Akamsikia mgeni akiuliza, kama desturi inavyomtaka mgeni aliyemaliza chai:

"Bakuli hili ni kazi ya nani?"

Bwana Rokuemon alikuwa ameketi palepale.

"Limefinyangwa kwa Rokuemon," ikajibu sauti ya Teppei. "Limechovywa na Chizuru Imaeda, binti wa Sumi Imaeda, aliyechovya kabla yake."

Chizuru akaacha vyombo majini, akatoka.

Alimkuta nje, koti mkononi.

"Nimefukuzwa," akasema Teppei.

"Nimesikia. Mimi ni kesho."

"Pete sikununua. Ungeivua kila ukigusa bakuli."

"Ningeivua."

"Basi utaolewa nami bila pete?"

Chizuru alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kwa nguvu, kama ashikavyo bakuli kabla ya kulichovya.