Nauli ya Kumwona Bibi

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Sindano alianza na pini. Alipitisha sumaku sakafuni, chini ya cherehani ya mama yake, akaziokota zote zilizodondoka tangu asubuhi. Kisha alifagia vipande vya vitambaa na kuvitia katika gunia la mabaki. Baada ya hapo ndipo aliposhika simu. Mikono ya mama ilikuwa kazini muda wote, mmoja ukisukuma kitambaa, mwingine ukikivuta, kwa hiyo simu ya mama ilikuwa kazi ya binti. Alijibu wateja, akapokea malipo, na namba ya siri aliijua.

"Mwambie yule bibi harusi gauni lake liko tayari," mama alisema siku moja bila kuinua macho. "Na mwambie asinenepe tena."

Jina la Sindano alipewa na wateja kwa ajili ya wembamba wake, naye hakulichukia. Alizichukia nguo zake. Mama alishonea mtaa mzima, lakini bintiye alivaa kilichobaki: kola ya bluu, mifuko ya kijani, mgongo wa maua. Rafiki yake mmoja, aliyeitwa Kioo kwa sababu hakutoka nyumbani bila kioo kidogo mfukoni, hakuacha kumtania.

"Leo umevaa wateja wangapi?"

"Watatu," Sindano alijibu. "Na mmoja wao hajalipa."

Wote walicheka. Sindano naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia menoni.

Mwaka huo kulikuwa na jambo kubwa nyumbani. Bibi, mzaa mama, aliishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa na mtoto wa jicho, ule utando mweupe unaofunika mboni, na tangu kabla Sindano hajazaliwa alikuwa haoni. Sasa hospitali ilikuwa imempangia siku ya kupasuliwa. Kila alipopiga simu alirudia neno lilelile.

"Mwanangu, siku watakayonifungua bandeji, uso wa kwanza nataka uwe wako."

"Utakuwa wangu, mama. Nitakaa mbele yako kama picha ya ukutani."

Basi mama akaanza kuweka nauli kidogo kidogo kwenye simu. Akimaliza suruali, anaweka. Akibadilisha zipu, anaweka. Akamwambia Sindano, "Hizi za bibi yako. Usiziguse hata akija mfalme kuomba chenji."

Mfalme hakuja. Kilichokuja ni duka la nguo la mtandaoni, ambalo Kioo alimwonyesha wakati wa mapumziko. Picha zilipita moja baada ya nyingine, wasichana wa rika lake wakicheka ndani ya nguo zisizo na kiraka. Chini ya blauzi moja ya rangi ya samawati palikuwa na maandishi mekundu: zimebaki mbili tu. Jioni, mama akiwa ametoka kumpelekea mteja nguo, Sindano alilifungua duka lile kwenye simu ya mama. Alibonyeza, akaandika namba ya siri, ikawa imekwisha. Ilikuwa rahisi kuliko kutunga uzi.

"Nitarudisha," alijiambia. "Bado kuna wiki nyingi."

Mzigo ulipofika, aliupokea kwa mwendesha pikipiki kwenye kona ya barabara. Mtoto wa fundi hadanganyiki kwa nguo, na Sindano alipoigeuza blauzi ile ndani nje aliona mishono imerukaruka na pindo halikukunjwa mara mbili. Pichani ilimkaa vizuri yule msichana kwa sababu ilikuwa imebanwa pini mgongoni. Alijua hayo yote. Na bado wiki iliyofuata alinunua koti, akidhani labda koti ndilo litakalompa ile furaha aliyoipata alipobonyeza. Kisha viatu, kwa kuwa koti halikuwa na viatu vyake. Nguo alizificha ndani ya gunia la mabaki, akazivaa njiani kwenda kwa Kioo, akazivua kabla ya kufika nyumbani. Ujumbe wa malipo aliufuta.

Siku moja kabla ya safari, mama alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa wakala wa pesa, mzee waliyemwita Chenji kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo. Sindano alimfuata. Chenji alitazama simu, akaitazama tena.

"Fundi, humu hamna nauli. Hamna hata ya kufika stendi."

"Mzee Chenji, usinitanie leo."

"Sikutanii. Soma mwenyewe."

Mama alisoma. Akasema kwamba ni kibanda hiki tu anachowekea pesa, na kwamba hakuna mtu mwingine wa nje anayezijua. Sauti yake ikapanda, watu wakasogea. Mwishowe akalitamka lile neno. Alimwita mzee yule mwizi, mbele ya umati.

Chenji alifunga droo yake polepole. Sindano alikuwa amesimama mlangoni. Alihitaji kusema maneno mawili tu, "Ni mimi," lakini hakuyasema. Mama akamshika mkono wakaondoka. Kesho yake basi liliondoka bila mama.

Siku bibi alipofunguliwa bandeji, simu iliita mchana, mama akiwa anashona. Alimwambia Sindano aweke sauti ya juu.

"Mwanangu, naona," bibi alisema. "Naona mpaka nyufa za dari. Walinifungua asubuhi. Mbele yangu palikuwa na mwanamke mwenye uso mwema. Nikamshika mashavu, nikamwambia, mwanangu, umekuja. Akaniambia, bibi, mimi ni muuguzi. Nikaona haya, nikajichekea."

Mama aliifunga mikono yake kifuani. "Kazi zilinizidi, mama. Nisamehe."

"Kazi ni kazi," bibi akasema. "Usijali."

Simu ilipokatika, mama alikanyaga cherehani kwa nguvu. Ilikimbia bila kitambaa, sindano ikipiga chuma kitupu, ili kelele yake ifunike kilio. Lakini Sindano aliyaona mabega ya mama yakitikisika. Alikwenda kwenye gunia, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa blauzi, koti na viatu, akaviweka juu ya meza ya kukatia.

"Mama, si Mzee Chenji. Ni mimi. Nauli ndiyo hii."

Cherehani ikasimama. Mama aliigusa blauzi, akaigeuza ndani nje kama anavyofanya kwa kila nguo, akauona ule mshono mbovu.

"Siku ile nilipomwita mtu mwizi," aliuliza kwa sauti ya chini, "wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Mama hakumpiga. Afadhali angempiga. Aliinuka, akachukua ushungi wake, akasema, "Twende."

Kibandani mama alitangulia kuomba radhi, kwa sauti ileile kubwa aliyomtukania nayo mzee, ili waliosikia tusi wasikie na hili. Kisha akamsukuma Sindano mbele. Sindano alisema yote, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

"Nimekusikia, mjukuu wangu," alisema Chenji. "Lakini ngoja nikuambie jambo. Siku ile nilikuwa na nauli ya mama yako hapa mkononi. Nilitaka kumkopesha. Nilingoja amalize kunitukana, akaondoka. Ungesema neno lako palepale, kesho yake angekuwa ndani ya basi."

Hapo ndipo Sindano alipolia. Mpaka dakika ile alidhani blauzi, koti na viatu ndivyo vilivyomnyima bibi yake ile siku. Sasa akajua kwamba kimya chake ndicho kilichomalizia.

Duka halikukubali kurudishiwa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Muuza mitumba wa sokoni alizichukua kwa bei ya kusikitisha, akilalamikia mishono. Mama alibadilisha namba ya siri na hakumwambia mtu. Simu bado ilikuwa kazi ya Sindano, lakini malipo yakija aliinyoosha kwa mama bila kuambiwa.

"Mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta," mama alimwambia. "Kaa hapa uvukute." Basi kila jioni Sindano alishona vifungo na kukunja mapindo, na kila alichopata kiliingia kwenye nauli.

Tamaa haikuondoka kwa sababu tu amelia. Duka lile liliendelea kutuma picha. Siku moja likaleta gauni la njano, na kidole chake kikasogea chenyewe. Safari hii aliinuka akampelekea mama simu.

"Mama, nalitaka gauni hili. Nalitaka mpaka tumbo linauma."

Mama alitazama picha, kisha akamwonyesha beseni la maji, ambamo kitambaa kipya cha pamba kilikuwa kimelala.

"Unajua kwa nini sikati kitambaa siku kilipoingia?"

"Kinarudi. Kikifuliwa kinapungua."

"Basi nakiloweka, nakianika, ndipo napima. Kupungua kwake kuwe kabla ya mkasi. Hamu yako nayo iloweke. Kitambaa hiki kikikauka, niambie imebaki kiasi gani."

Kesho yake kitambaa kilikauka. Mama alipouliza, Sindano alikumbuka rangi ya njano tu. Hakukumbuka mikono ya gauni ilikuwa mirefu au mifupi. Akaliondoa duka lile kwenye simu kwa mkono wake mwenyewe. Hamu nyingine zilikuja, na nyingine zilichukua siku kadhaa kukauka, lakini alijifunza kuzingoja.

Shule ilipofungwa, nauli ilitosha wawili. Bibi aliwapokea uani. Aliushika uso wa mama kwa viganja viwili, akaukagua kipande kwa kipande.

"Umezeeka, mwanangu," akasema.

"Na wewe umeanza kuona vibaya, mama," mama akajibu, wakacheka huku machozi yakiwatiririka.

"Nyumba hii nayo," bibi akaendelea, "ilikuwa safi sana nilipokuwa sioni." Kisha akamgeukia Sindano. "Na huyu mwembamba ndiye aliyekuwa akinijibu kwenye simu?"

Mama hakuwa amemwambia bibi kosa la Sindano. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Sindano alipiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, mama hakuzidiwa na kazi. Nauli yake niliinunulia nguo. Na alipoitafuta, nilinyamaza."

Bibi alimtazama mama, mama akainamisha kichwa. Kuku walipita uani, hakuna aliyewafukuza. Yale macho mapya ya bibi yakalowa.

"Wanasema majuto ni mjukuu," alisema mwishowe. "Wangu amekuja nayo mwenyewe, kayabeba mkononi. Hilo ni jema. Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini nisikilize, maana mimi si mtu wa kupaka asali. Kusamehewa si kurudishiwa. Nguo ikichanika, mama yako atashona nyingine. Asubuhi ile haishoniki. Nitakufa nikikumbuka uso wa mtu nisiyemjua. Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kitu, usiulize bei yake peke yake. Uliza kinatoka kwa nani. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla kosa halijazaa."

"Ndiyo, bibi."

"Haya, inuka. Sogea hapa penye mwanga nikuone."

Sindano alisogea. Alikuwa amevaa gauni lake la vipande, kola ya bluu na mgongo wa maua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake bibi yake akamtazama.