Aliyeinyanyua Pikipiki

Damu ilikuwa bado mbichi Inspekta alipofika. Kidimbwi chenye ukubwa wa sahani, katikati ya sakafu ya gereji. Mwenye damu hiyo alikuwa ameshachukuliwa na gari la wagonjwa, hajitambui. Pikipiki aliyokuwa akiitengeneza haikuwepo.

"Wizi wa kutumia nguvu," alisema Sajini, akifunga utepe wa polisi mlangoni. "Mtu kaja asubuhi, kamkuta fundi peke yake, kamtwanga kichwani, katoweka na chombo. Mungu apishe mbali, lakini fundi akizidiwa hii ni kesi ya mauaji."

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kawaida yake ilikuwa kuchuchumaa kwanza, kuuliza baadaye. Akachuchumaa.

Karibu na damu palikuwa na vipande vya plastiki vya rangi ya machungwa: indiketa iliyovunjika. Kando yake mchirizi wa rangi nyekundu ulikuwa umekwaruza saruji. Chini ya ukuta wa pili, mbali kidogo, ulilala ubao mnene wenye kishimo kipya cha duara juu yake.

"Ina uzito gani hii pikipiki?"

"Jirani anasema kilo mia tatu na ushee. Ni ile mikubwa ya safari ndefu, ina masanduku ubavuni kama punda wa mfanyabiashara."

"Basi ilianguka hapa, kwa ubavu. Halafu mtu akainyanyua."

"Watu wawili, afande. Mmoja hawezi."

"Au mmoja aliyeingiwa na kiwewe." Inspekta aliinuka, akatazama ukutani. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, una kikaratasi cha gereji. "Na hakutumia huu. Alikuja na wake. Nani alipiga simu hospitali?"

Sajini alikuna kidevu. "Hapo ndipo pananichanganya. Simu ni ya fundi mwenyewe. Sauti ya mwanamume, inatetemeka, haikutaja jina. Ikasema njooni haraka, ikakata."

"Mwizi mwenye huruma," alisema Inspekta. "Tumwachie mpiga picha hapa. Twende wodini."

Daktari wa zamu aliwapokea koridoni. Fuvu halikupasuka, alisema, ila kichwa kilitikisika sana na mbavu mbili zimepata ufa. Wangojee azinduke.

"Nani alimfunga kichwa?" aliuliza Inspekta.

"Hilo na mimi nilitaka kuwauliza nyinyi." Daktari alitoa mfuko wa nailoni. Ndani yake palikuwa na bendeji ya buluu iliyokolea, nzito, inayojinata yenyewe bila plasta. "Kazi safi kabisa, imezuia damu vizuri. Lakini bendeji hii siyo yetu. Niliwahi kuiona mara moja tu, kwenye mguu wa farasi."

Inspekta aliupokea mfuko. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, uso wake ulilegea kidogo. Alimwacha Sajini kando ya kitanda cha fundi, akaenda peke yake kwa mwenye pikipiki.

Mwenye pikipiki alikuwa mama wa makamo aliyestaafu kazi ya kupima ardhi. Mwili mwembamba, mikono migumu, macho yaliyozoea kutazama mbali. Sebuleni alikuwepo mumewe, mzee mnene mwenye mkongojo, na mtoto wao wa pekee, kijana aliyekaa wima ukingoni mwa kiti kama aliyemeza fimbo.

"Shikamoo, mama. Pole kwa yaliyotokea."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki na ipotee tu. Niambie habari za fundi."

"Hajazinduka bado. Mama, alikuwa anakutengenezea nini hasa?"

"Kila kitu. Springi ngumu za mbele, shokapu mpya ndefu za nyuma, diski kubwa za breki, matairi, ekzosi nyepesi. Ilikuwa ikiingia kwenye kona inayumba kama mlevi. Nilitaka itulie barabarani."

"Na mwendo," alidakia kijana. "Sema yote, mama. Na mwendo."

"Na mwendo, ndiyo. Sijakataa."

Mzee alikohoa. "Usimjali, Inspekta. Mwaka juzi pikipiki hiyohiyo ilinitupa mtaroni, nikavunjika nyonga. Tangu hapo mwanangu akisikia mlio wake hali chakula."

"Ufunguo wa akiba uko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Droo ya jikoni," alisema mama, akaenda. Walisikia droo ikifunguliwa, vijiko vikigongana. Alirudi mikono mitupu, amekunja uso.

Inspekta alimgeukia kijana. "Mgongo umefanya nini?"

"Nimelala vibaya."

"Unafanya kazi gani?"

"Daktari wa mifugo."

Inspekta aliutoa ule mfuko wa nailoni, akauweka mezani. Kijana aliitazama bendeji ya buluu, na jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Si lazima useme lolote," alisema Inspekta taratibu, "lakini utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Umenielewa?"

"Amekufa?" Sauti ilikuwa kama ya mtoto. "Niambie kwanza. Nimemuua?"

"Wewe!" Mama alishika ukuta. "Ni wewe?"

"Sikumgusa, mama! Wallahi sikumgusa! Nilikuta mlango wazi, yeye yuko uani. Nikaisukuma mpaka katikati, nikaisimamisha kwa stendi ili nikafungue mlango wa pili. Nikasikia anapiga kelele. Kugeuka, pikipiki inaanguka na yeye anaikimbilia kuidaka. Ikamlalia." Alifuta uso kwa mkono. "Sijui niliinyanyuaje. Nilisikia mgongo umelia, ta! Nikamfunga kichwa, nikapiga simu. Niliposikia king'ora nikaogopa, nikaiwasha nikakimbia. Iko kliniki kwangu, nyuma ya zizi la ndama."

"Ulitaka kuifanyia nini?"

"Kuificha tu. Mpaka mama abadili mawazo." Sasa alikuwa akimtazama mama yake, siyo Inspekta. "Ilipokaribia kumuua baba, ilikuwa na mwendo wa kawaida. Wewe unaiongezea nguvu, unasema unakwenda mpaka ng'ambo ya milima, peke yako, umri huu. Kila nikifumba macho naitwa nije nikuokote barabarani. Nilikuambia, hukunisikia. Nikaona afadhali uniite mwizi kuliko nikuzike."

Simu ya Inspekta ililia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sauti ya Sajini ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile, na wote waliisikia.

"Kazinduka, afande! Jambo la kwanza kauliza kama tangi limebonyea! Anasema hakupigwa na mtu. Shokapu mpya zimeinyanyua pikipiki, stendi ya zamani imekuwa fupi, ndiyo maana alikuwa akiweka ule ubao chini ya stendi. Ikitolewa hapo inaanguka. Alikwenda kuidaka, basi. Anasema huyo mwizi alikuwa analia kuliko yeye."

Kijana alijaribu kuinama aufiche uso wake, mgongo ukamkatalia. Akabaki wima vilevile, machozi yakimtiririka hadi shingoni, huku akirudia, "Yu hai. Jamani, yu hai." Mama yake alimwendea akaketi kwenye mkono wa kiti, akakishika kichwa chake kifuani. Mzee alikuwa ameshusha pumzi ndefu kama aliyetua mzigo.

"Mwanangu," alisema mama baadaye, "nani kakwambia nakwenda peke yangu?"

"Unakwenda na nani?"

Mzee alikohoa tena, safari hii kwa aibu. "Mimi nakaa nyuma. Nyonga hainiruhusu kuendesha, lakini kukaa naweza. Tulikuficha kwa sababu ungepiga makelele."

"Unafikiri shokapu ngumu zile za nini?" alisema mama. "Mtazame baba yako alivyo! Na breki, na kona? Nilimwambia fundi: mume wangu atakuwa mgongoni kwangu, nataka chombo kinachosimama nikikiambia simama."

Kijana aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamchoma mgongo, akapiga yowe, akacheka tena.

Inspekta alifunga daftari. "Utakuja kituoni kuandika maelezo. Kuchukua kitu cha mama yako kwa siri ni kosa, na kukimbia majeruhi ni kubwa zaidi. Nitayaandika yote, pamoja na bendeji na simu. Mengine ataamua mwendesha mashtaka."

"Sawa, Inspekta."

"Lakini kwanza tunapitia hospitali. Daktari akutazame mgongo, nawe umtazame fundi usoni, umwombe radhi."

Kumwingiza kwenye gari haikuwa kazi ndogo. Mama alimshika kwapa, Inspekta akamshika miguu, na mzee akaegemea mkongojo wake mlangoni, akiwaelekeza kwa sauti ya juu jinsi ya kupakia mzigo mzito bila kuukunja.