Kivuli Nyuma ya Lori

Taa ile Seifu aliiona kwanza mchana, jua likiwa kali juu ya bandari ya ziwani, naye akirudisha lori lake kinyumenyume kuelekea ghala la saruji. Katika kioo cha kushoto ilikuwamo pikipiki, taa yake ikiwaka, imesimama karibu mno na bodi ya nyuma. Akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani na kumporomoshea mwenye pikipiki matusi. Nyuma hapakuwa na pikipiki. Palikuwa na wapagazi tu, nao walikuwa wakimcheka.

"We Seifu, unatukana nani?" mmoja aliuliza. "Unagombana na ziwa?"

Alicheka nao. Lakini alipokitazama tena kioo, taa ilikuwa palepale, ndogo, ya manjano, tulivu kama jicho la mtu asiye na haraka.

Jioni, mkewe Kudra alimpokea mlangoni pa nyumba yao mtaani Buyenzi, akamnusa bega, akakunja uso.

"Unanuka mupira wa kuungua."

"Ni kazi."

"Apana. Arufu ya kazi yako naijua tangu umenioa. Hii ni ya mutu aliyefunga breki akachelewa."

Seifu alivua shati, akalitupa uani. Alijua harufu ile ni ya nani.

Katika miaka ile ya vita, barabara ya Bugarama haikupandwa na mtu peke yake. Magari yalikusanyika asubuhi kizuizini, askari mbele na askari nyuma, yakaikwea milima kwa mstari mmoja, msafara ulioitwa konvoi. Walioogopa zaidi ya wote ni wapanda pikipiki, kwa kuwa hawakuwa na bati la kuwasitiri. Ndipo ikawa desturi: mwenye pikipiki humwendea dereva wa lori na kumwambia, "Unipe kivuli," na dereva akikubali, yule huendesha nyuma yake, karibu kabisa, hadi mwisho wa safari. Aliyepewa kivuli alikuwa amana. Kabla ya kukanyaga breki, dereva hutoa mkono dirishani na kuupiga mlango kwa kiganja, paa, paa, ili aliye nyuma asikie na kujihadhari. Dereva mlevi aliweza kuyasahau mengine yote, hilo hakulisahau.

Seifu hakulisahau. Aliliacha kwa kusudi.

Wiki chache kabla ya taa ile, kijana aitwaye Bonfils, wa Gasenyi nje kidogo ya mji, alikuwa akipeleka dawa kwenye zahanati za milimani. Alimwomba Seifu kivuli wakati wa kurudi kutoka Gitega, mji wa ng'ambo ya milima, akapewa. Moshi mweusi wa lori ukamkaba. Penye mteremko alichomoka pembeni ili avute pumzi, akajikuta amelipita lori na kufika mbele kwenye kituo cha mapumziko. Madereva wenzake Seifu waliona.

"Seifu! Mutoto uliyemubeba mugongoni amekupita!" walipiga kelele. "Umuombe yeye akupe kivuli!"

Bonfils alimjia mbio, kofia yake ngumu mkononi. "Unisamehe, mukubwa," alisema, "moshi iliniziba pumzi." Seifu alicheka kwa midomo tu, akamwonyesha kwa kidole arudi nyuma. Na kwenye kona ya mikaratusi, akitaka kumtia adabu, akitaka amtishe tu, aliikanyaga breki kwa nguvu zake zote, mkono wake ukiwa umetulia juu ya usukani.

Askari walipofika penye mwili, Seifu ndiye aliyesema kwanza: "Wamemupiga risasi. Kule juu, kwenye miti." Mwaka ule, maiti kwenye barabara ile haikuulizwa maswali. Mwili ulitupiwa turubai, msafara ukaondoka mbio, na kule Gasenyi mama yake, mjane aitwaye Daphrose, aliletewa maiti baadaye na kuambiwa kwamba mwanawe ameuawa na vita.

Sasa kile kilichoachwa barabarani kilikuwa kimeifuata njia hadi nyumbani.

Kilikuja kila magharibi, kati ya adhana na kufungwa kwa milango, saa ambayo amri ya kutotoka usiku ilikuwa ikiwasukuma watu majumbani. Mlango ulipigwa kwa kiganja. Paa, paa. Kudra alifungua, na uchochoro ulikuwa mtupu. Kisha sauti ya injini ikawa uani, chini kwa chini, injini isiyokwenda wala kuzimika, hata maji katika beseni yakawa yanatetemeka, vijiduara vikizaliwa katikati na kufia ukingoni, nao wawili wakiyatazama bila kuthubutu kuyamwaga.

"Iko nani pale?" Kudra alinong'ona.

"Hakuna mutu."

"Basi maji yanaogopa nini?"

Jioni moja ndugu yake Seifu alikuja mbio kulala kwao, maana njia zilikuwa zinafungwa. Sulemani alikuwa mdogo wake wa pekee. Wazazi wao walipokufa, Seifu ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyempeleka madrasa akimshika kidole. Hakuwa na mtoto, na Sulemani ndiye aliyekuwa mtoto. Alikuwa na kicheko cha kupanda, kama mtu anayekwenda ngazi kwa kuruka, na jioni hiyo alikuwa nacho tele.

"Kaka, toka uone!" Alikuwa akisukuma pikipiki kuukuu. "Bosi wa gereji amenipa. Napeleka vipuri Gitega. Jumatatu niko kwenye konvoi!"

Seifu aliukinga uso kwa mkono. "Zima hiyo taa."

"Taa gani? Ampuli yake imekufa zamani, nangoja Jumamosi ninunue." Sulemani alicheka, akiigonga balbu ile kwa kucha. "Kaka, umeanza kuzeeka macho."

Kudra alimshika mumewe mkono, kucha zikaingia ngozini. Taa ilikuwa ikiwaka. Kudra naye aliiona.

Kesho yake, baada ya swala ya magharibi, Kudra alimleta Mwalimu Mohamadi, ambaye Buyenzi nzima ilimwita pale mtu aliposemeshwa na asivyoviona. Sulemani alikuwa gereji. Mwalimu alifukiza ubani, akaketi, akasoma. Na alivyozidi kusoma ndivyo moshi wa ubani ulivyozidi kugeuka harufu, ukaacha utamu wake, ukawa mpira, ukawa petroli, ukawa kitu kibichi chenye chumvi, mpaka Kudra, aliyekuwa ameketi kwa adabu kwenye mkeka, alipolalia ubavu, akakunja magoti, akainyoosha mikono mbele kama aliyeshika usukani wa pikipiki, na kutoka kinywani mwake ikaja sauti ya kiume, changa, iliyosalimu kwa upole mkubwa:

"Bonsoir, mukubwa."

Seifu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"We ni nani?" Mwalimu aliuliza.

"Mi nilizaliwa pamoja na Bonfils. Alipokula nilikula. Alipanda pikipiki, nikapanda. Amekwenda, mi nimebaki njiani."

"Unataka nini? Mbuzi? Marashi? Kitambaa?"

"Huyu alichukua yule niliyekaa naye. Mi siko na mahali pa kukaa." Macho ya Kudra yalifunguka yakamtazama Seifu bila kupepesa. "Mudogo wake iko na nafasi."

Kudra alipozinduka akilia, Mwalimu alifunga msahafu wake, akauweka juu ya goti.

"Maiti hairudi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni karini wake, jini aliyezaliwa naye siku moja. Mutu akifa kifo chake, karini anakwenda zake. Mutu akidhulumiwa na watu wakafunika, karini anabaki kutafuta. Jini la kutumwa namurudisha kwa aliyemutuma. Huyu, Seifu, nimurudishe kwa nani? We ndiyo ulimutuma."

"Nifanye nini, Mualimu?" Seifu aliuliza, alipokwisha kuwaambia kijana alikuwa nani na kwamba mama yake yuko Gasenyi.

"Uende kwa mama yake, useme kwa kinywa chako. Uende kwa askari, useme tena. Hapo karini atakuwa hana tena kazi. Lakini uende mbele ya Jumatatu, siyo nyuma yake."

Alipoondoka, Kudra alileta viatu vya mumewe, akavipanga mbele yake.

"Gasenyi siyo mbali. Nenda."

"Wataninyang'anya permi ya kuendesha. Watanifunga, Kudra. Utakula nini?"

"Mi nitakula majani. Sulemani atakula nini kaburini?"

Seifu alivitazama viatu. Fikira ikamjia, ikamfurahisha kwa wepesi wake. "Sulemani hatapatwa na kitu," alisema. "Jumatatu mi pia niko na muzigo wa Gitega. Nitamupa kivuli mi mwenyewe. Nyuma yangu, nani atamugusa?"

"Kivuli chako?" Kudra alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "We Seifu, kivuli chako?"

Jumatatu walikwea salama. Sulemani alifunga hirizi ya Mwalimu mkononi, akavaa kofia yake, akaendesha nyuma ya lori akiimba. Na kila Seifu alipotaka kupunguza mwendo aliupiga mlango mapema, kwa nguvu, mpaka madereva wengine wakamtania kwamba anapiga ngoma ya harusi. Gitega walishusha mizigo. Siku ya pili wakaanza kurudi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya Bugarama.

Waliteremka. Katika kioo, Seifu alimwona mdogo wake, kisha ukungu, kisha mdogo wake, na taa ya pikipiki ikiwaka, na akajiambia kwamba ampuli ilinunuliwa Jumamosi, kwamba kila mtu amewasha taa kwa ajili ya ukungu, kwamba kona ya mikaratusi ni kona kama kona nyingine, mpaka ukungu ulipopasuka na kioo kikamwonyesha watu wawili juu ya pikipiki moja, wa mbele akiimba bado, na wa nyuma amemkumbatia kiuno na kumlaza kidevu begani kama ndugu, naye Seifu akatoa mkono dirishani ili aupige mlango, na mkono ukashikwa, ukashikwa kwenye kifundo na vidole baridi vyenye mchanga wa barabarani, huku mguu wake wa kulia, ambao hakuuamuru, ukianza kuizamisha breki, taratibu, kisha si taratibu, na katika kioo Sulemani akikua, akikua, kinywa chake kikifunguka kwa wimbo ambao sasa ulikuwa unageuka kuwa jina la kaka yake.

Seifu aliuvuta usukani kushoto kwa mkono uliobaki. Lori likakata barabara, likaukumbatia mlima. Mkono ule ulioshikwa nje ulibanwa kati ya mlango na mwamba, naye akausikia ukivunjika kabla hajasikia maumivu.

Vumbi lilipotua, Sulemani alikuwa amesimama katikati ya barabara, mzima, hana mkwaruzo. Aliiacha pikipiki, akaja polepole mpaka chini ya dirisha, akavua kofia.

"Sulemani," Seifu aliguna. "Mudogo wangu. Alhamdulillahi."

Kijana alimtazama kwa upole.

"Unisamehe, mukubwa," alisema. "Moshi iliniziba pumzi."

Akavaa kofia yake, akapanda pikipiki, akateremka kuelekea mjini.

Mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Madereva waliomtembelea hospitalini walikuwa na habari moja tu, na waliisimulia wakitazama mlango. Msafarani kulikuwa na mpanda pikipiki asiyeomba kivuli kwa mtu. Dereva yeyote aliyembana mwenye pikipiki ukingoni alimkuta yule amejisogeza ubavuni mwa mlango wake, mwendo kwa mwendo, amegeuza kichwa ndani ya kofia, akimtazama, hatazami barabara hata kidogo, kona baada ya kona, mpaka dereva anapunguza mwendo na kuacha nafasi. Akilimali, dereva mkongwe, hakupunguza. Lori lake lilipatikana bondeni. Tangu hapo hakuna aliyembana mtu.

Sulemani hakurudi Buyenzi. Kudra alimtafuta, akampata, akarudi na midomo mikavu.

"Iko Gasenyi, kwa yule mama. Nimemuita jina lake. Ameniuliza mi ni nani."

Seifu alikwenda mwenyewe, shati lake limefungwa fundo upande mmoja. Daphrose alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage. Nyuma yake, mezani, Sulemani alikuwa akila ndagala, visamaki vya ziwani, rozari shingoni, na juu ya mkono hakuwa tena na hirizi.

Seifu alipiga magoti. Alisema yote: kivuli, moshi, kicheko cha wenzake, mguu wake juu ya breki, uongo wake kwa askari. Hakujitetea popote. Mama aliendelea kuchambua mpaka Seifu alipomaliza.

"Nilimuosha mi mwenyewe," alisema. "Nilitafuta tundu la risasi mwili muzima. Sikuona. Nikasema, iko mutu anajua. Kila asubuhi nilifungua mulango huu nikamungoja huyo mutu."

"Nimekuja, mama. Nitakwenda kwa askari leo leo. Unirudishie mudogo wangu."

Daphrose aligeuza kichwa. "Bonfils. Huyu mutu anasema we ni mudogo wake. Unamujua?"

Kijana aliinua macho. Ndani yake, mbali, kama mtu anayepitishwa nyuma ya kioo cha gari linalokwenda, Seifu alimwona Sulemani, kinywa wazi, akimwita bila sauti. Kisha macho yakatulia.

"Apana, mama. Simujui."

Mama alisimama, akakung'uta maganda kwenye kitenge chake.

"Ulipomuua, ningekusamehe, maana niko mukristo," alimwambia Seifu, karibu kwa huruma. "Ungekuja mbele, kabla ya huyu, ningekupa mukono. Sasa niko na mutoto wa kulisha."

Akafunga mlango polepole, kama mtu ambaye watu wake wote wamo ndani. Seifu alibaki magotini. Alisikia sahani ikiongezwa chakula, kijana akisema neno la Kirundi, mama akijibu. Kisha wote wawili wakacheka, naye akakisikia kicheko cha kupanda, kile alichokilea mwenyewe tangu utotoni, kikiruka ngazi moja baada ya nyingine katika nyumba ya watu.