Kitambaa Juu ya Kompyuta

Vuuu, vuuu, krrr. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado na sebule imejaa giza, lakini Ummy aliisikia feni ya kompyuta akiwa kitandani. Akaenda akinyata, akainua kitambaa cha kufuma, akaizima kabla Mama hajaisikia. Kitambaa kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

Pale Ujiji, nyumba nyingi za mtaa wao zilifunika redio na televisheni kwa vitambaa kama hicho. Mama alikuwa amemkanya: zima kwanza, ndipo ufunike. Lakini gemu ya mbio za magari ukiizima unaanza upya. Basi wiki nzima Ummy aliiacha inawaka, akaifunika ili taa isionekane.

Jioni, jirani yao Luqman alikuja kutazama. Gari likakwama, likaruka, likakwama tena.

"Hilo gari au chura?" Luqman alicheka. "Si nilikwambia? Gemu kwenye mfumo huu wa Linux ni kuburuta mtumbwi mchangani!"

"Nyamaza wewe!" Ummy alipunguza ubora wa picha, akawasha upya. Dakika tatu ilikwenda vizuri, kisha yale yale. Akaupiga ubao wa herufi kwa ngumi, machozi yakimlenga.

Mama akatoka jikoni. "Nani ameiharibu? Kesho nina mitihani ya shule ya kuchapa!"

Ummy akamtazama Elida. Elida alikuwa binti wa rafiki wa Mama katika biashara ya vitenge, huko Rumonge. Mwezi ule watu wengi walikuwa wanaikimbia Burundi, naye alivuka ziwa na mama yake wakafikia kwa kina Ummy; mama yake sasa alikuwa amekwenda kuandikishwa kama mkimbizi.

"Elida ndiye aliyekuwa anaibonyezabonyeza," Ummy alisema.

"Oya, mama," Elida alikana kwa Kirundi, akitikisa kichwa.

"Basi usiiguse tena, mwanangu," Mama alimwambia.

Elida alikwenda kukunja magauni yake mawili. "Mama yangu akirudi twende kambini," alisema taratibu. "Huko hakuna cha watu cha kuharibu."

Asubuhi fundi Dismasi aliifungua kompyuta. Alivuta nyuzi nyeupe kutoka kwenye feni, ndefu kama za kushonea.

"Linux haina kosa, dada," alimwambia Mama. "Mashine ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe, isiungue. Nani anaifunika ikiwa inawaka?"

Mama akakiangalia kitambaa, pindo lake jeupe limefumuka. Akamwangalia Ummy, aliyekuwa ameinamia vidole vya miguu yake.

Dismasi akaiwasha. Gari likateleza barabarani bila kukwama hata mara moja, lakini Ummy hakulitazama.

"Njoo hapa, Ummy," Mama alisema, bila kupaza sauti. "Mashine imepona. Elida je? Tumemwonea sote: wewe kwa kusema uongo, mimi kwa kuuamini bila kuuliza. Mtu aliyekimbia kwao hana wa kumsemea hapa isipokuwa sisi. Ungesema kweli jana, ningekugombeza na yangekwisha. Nami nitamwomba radhi, lakini wewe tangulia."

Elida alikuwa barazani, mfuko wake magotini. Ummy alisimama mbele yake.

"Elida, mimi ndiye niliyeiharibu kompyuta."